Maswali ya Wasomaji: Maji Yanayotoka na Mafuta Huenda Wapi?

Toleo lililopita, nilipoeleza jinsi kisima cha maji kinavyochimbwa, niligusia katika aya moja kwamba watu wa mafuta nao huchimba visima, ila baadhi ya vyao ni vya kuingiza maji ardhini badala ya kuyatoa. Aya hiyo imeleta barua nyingi kuliko makala yote. Nimechagua tano.

Kwa ambao hawakulisoma toleo lile: mafuta na gesi hayatoki ardhini peke yake. Hutoka pamoja na maji yaliyokaa ndani ya mwamba kwa mamilioni ya miaka, na maji hayo si ya kumwagilia mchicha. Yana chumvi kali, mabaki ya mafuta, metali kama bariamu, na sehemu nyingine yana radiamu, ambayo ni metali ya asili yenye mnururisho. Marekani pekee husukuma chini zaidi ya galoni bilioni 2 za maji haya kila siku, yaani lita bilioni saba na nusu hivi, kupitia visima karibu 180,000. Vinne kati ya vitano huyarudisha kwenye mwamba uleule ili yasukume mafuta yaliyobaki. Kimoja kati ya vitano ni cha kutupa tu, na hicho ndicho kinachowanyima usingizi wengi walioniandikia.

SWALI: Hujambo mama. Mimi ni Mkenya, muuguzi, naishi karibu na Stillwater, Oklahoma, na mume wangu na watoto wawili. Tumenunua nyumba nje kidogo ya mji, ina kisima chetu wenyewe cha maji ya kunywa. Majirani wanatusimulia matetemeko ya mwaka 2016, na kweli ukuta wa jikoni una ufa. Si mbali na kwetu kuna kisima cha kumwagia maji ya chumvi, malori yanaingia hata usiku. Je, maji yanaweza kutikisa ardhi, au ni maneno ya watu? Na maji tunayokunywa je?
Mama Baraka, Oklahoma

JIBU: Mama Baraka, maji yanaweza kutikisa ardhi, na majirani zako hawakutia chumvi. Jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1961 jeshi la Marekani lilichimba kisima cha mita 3,671 nje ya Denver, Colorado, kwenye kiwanda chake cha silaha za kemikali, Rocky Mountain Arsenal. Machi 1962 wakaanza kusukumia humo maji taka ya kiwanda. Mwaka huohuo Denver ikaanza kutikisika. Mwaka 1965 mwanajiolojia aliyeitwa David Evans akalinganisha hesabu mbili za mwezi kwa mwezi, ya maji yaliyoingizwa na ya matetemeko yaliyorekodiwa, akaonyesha kwamba zinapanda na kushuka pamoja. Februari 1966 kisima kikasimamishwa.

Sasa angalia kilichofuata. Matetemeko makubwa kuliko yote ya Denver, ya ukubwa wa karibu 5, yalikuja mwaka 1967, pampu zikiwa zimezimwa zaidi ya mwaka mzima. Presha iliyokwisha kuingia chini haitii swichi. Inaendelea kusambaa mwambani, na ikifika kwenye ufa mkubwa wa kale ambao tayari ulikuwa umebanwa karibu na kuteleza, unateleza. Ni kama kusukuma gunia la mchele sakafuni huku mwenzako akiliinua kidogo: uzito wa gunia ni uleule, ila linaigandamiza sakafu kwa nguvu ndogo, kwa hiyo msukumo ulioshindwa mwanzo sasa unatosha. Maji yenye presha ndiyo yanayoinua.

Oklahoma mambo yalikwenda hivi. Kabla ya mwaka 2009 jimbo lilikuwa likipata tetemeko moja au mawili kwa mwaka ya ukubwa wa 3 na kuendelea. Mwaka 2015 yalizidi 900. Wengi hulaumu upasuaji wa miamba kwa maji ya presha, ule unaoitwa freki, lakini wataalamu wa shirika la jiolojia la Marekani, USGS, wamesema wazi kwamba ni sehemu ndogo tu ya matetemeko yale iliyotokana moja kwa moja na freki. Kisa hasa ni maji ya kutupa. Kampuni zilirudi kwenye miamba iliyoachwa miaka mingi kwa sababu ilitoa maji mengi na mafuta machache, mahali pengine mapipa kumi ya maji au zaidi kwa pipa moja la mafuta. Biashara hiyo ililipa kwa sababu moja: chini kabisa kulikuwa na mwamba unaoitwa Arbuckle, wenye nafasi nyingi za kupokea maji, kiasi kwamba visima vingine viliteremsha maji bila hata kuwasha pampu. Arbuckle umelalia mwamba wa msingi, ule mgumu wa kale, na mwamba huo una nyufa ambazo nyingi hazikuwa kwenye ramani yoyote.

Hapo ndipo roho yangu inapouma, na nimelisema kila mkutano niliowahi kualikwa. Wanaotetea biashara hii huzungumzia kisima kimoja kimoja: kimejengwa vizuri, kina kibali, kina saruji. Sawa. Lakini kila kisima kinaweza kuwa halali na kizima, huku vyote kwa pamoja vikiujaza mwamba mmoja kupita kiasi. Vibali vilitolewa kimoja kimoja. Presha ilijumlika yenyewe. Mafuta yale yasingechimbwa kama pasingekuwa na shimo la bei rahisi la kumwagia maji yake, na gharama iliyokosekana kwenye hesabu za kampuni imekuja kuonekana kwenye kuta za watu kama ninyi.

Novemba 2011 mji wa Prague, hukohuko Oklahoma, ulipata tetemeko la ukubwa wa 5.7. Septemba 3, 2016, Pawnee, ambayo ni jirani yenu, ikapata la 5.8, kubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa jimboni. Miezi miwili baadaye Cushing, mji wenye matangi makubwa ya kuhifadhi mafuta, ukapata la 5.0. Baada ya Pawnee kamisheni ya jimbo, Oklahoma Corporation Commission, iliamuru visima 37 vifungwe, na tayari mapema mwaka huo ilikuwa imetaka maji yanayoingia Arbuckle yapunguzwe hadi asilimia 40 chini ya kiwango cha 2014. Bei ya mafuta nayo ilikuwa imeanguka. Maji yakapungua na matetemeko yakapungua miaka iliyofuata. Hayajaisha, na habari ya Denver imekwisha kukueleza kwa nini.

Kuhusu ufa wa jikoni: upige picha leo, weka rula kando yake ili upana uonekane, andika tarehe, kisha rudia kila baada ya miezi michache. Bima ya kawaida ya nyumba Marekani haifidii tetemeko, lazima uongezewe kifungu chake, na uulize kwa maandishi kama kinafidia pia tetemeko linalosababishwa na shughuli za binadamu. Usisubiri ardhi itikisike kwanza, maana kampuni nyingi husimamisha kuuza kinga hiyo kwa muda baada ya tetemeko kubwa.

Sasa maji yenu. Kisima cha kutupia kilichojengwa sawasawa kina bomba ndani ya bomba. La nje kabisa, kesingi ya juu, hushuka kupita maji matamu na kuzungushiwa saruji. Ndani yake kuna kesingi ndefu inayofika kwenye mwamba wa kupokea, nayo ina saruji yake. Ndani ya hiyo kuna bomba jembamba linalopitisha maji ya chumvi, limezibwa kwa chini na pete ya mpira na chuma ili maji yasirudi juu kando yake. Kati ya bomba jembamba na kesingi pana nafasi iliyojazwa kimiminika, na nafasi hiyo ndiyo shahidi wenu. Kwa kanuni za shirikisho uzima wa kisima hupimwa angalau mara moja kila miaka mitano, na njia ya kawaida ni kuijaza presha nafasi hiyo, kufunga valvu na kutazama.

Nilisimamia vipimo vya aina hii kusini-mashariki mwa Ohio nilipokuwa nimeajiriwa na kampuni ya ushauri. Fundi anafunga valvu, anafungua hosi ya pampu na kuiweka chini, halafu watu wazima wanne au watano mnasimama kwenye kokoto mnatazama mshale wa geji kwa nusu saa bila la kusema. Asubuhi moja ya baridi kali mshale ulianza kushuka, taratibu kiasi kwamba ilibidi uangalie pembeni na kurudi ndipo uuone. Mwenye kisima akasema geji imeganda. Mkaguzi wa jimbo akaenda kwenye gari lake, akaleta geji nyingine, akaifunga mwenyewe. Nayo ikashuka. Bomba lilipovutwa juu siku zilizofuata, kiungo kimoja kilikuwa kimeliwa na kutu kwenye uzi wake, tundu dogo kama punje ya mtama. Maji yalikuwa bado hayajafika popote pabaya, kwa sababu kesingi na saruji zilikuwa nzima. Hiyo ndiyo faida ya kupima. Mkaguzi yule alikuja na geji yake mwenyewe, na ningependa kila mkaguzi awe hivyo.

Kwa hiyo fanya mawili. Chukua namba ya kisima cha jirani, iko kwenye kibao cha langoni, uombe kamisheni kumbukumbu zake: kiasi cha maji, presha, na kipimo cha mwisho kilifanyika lini. Ni za umma. Pili, pima maji yenu sasa, kabla hamjaona kasoro yoyote, kwenye maabara yenye ithibati: kloraidi, bromaidi, bariamu, na jumla ya chumvi iliyoyeyuka. Bila kipimo cha leo, siku maji yakibadilika hutakuwa na cha kuonyesha kwamba hayakuwa hivyo tangu awali. Bromaidi usiiache, kwa kuwa uwiano wake na kloraidi humsaidia mtaalamu kutofautisha maji ya mafuta na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu au ya choo.

SWALI: Mama, jambo sana. Mimi ni Mukongomani, natoka Uvira, sasa niko Texas, Odessa. Naendesha lori la maji ya chumvi, kutoka kwenye matangi ya visima mpaka kwenye kisima cha kumwaga. Chakula ya watoto inatoka kwa hii kazi. Lakini kuna harufu ya mayai maoza, na siku moja kichwa kilizunguka nikiwa juu ya tangi. Bosi anasema ni maji tu. Ni maji tu? Aksanti.
Dereva, Texas

JIBU: Ndugu yangu, si maji tu, na ninakuomba hii uisome yote kabla ya zamu yako ijayo.

Harufu ya mayai yaliyooza ni haidrojeni salfaidi. Hatari yake iko hivi: ikiwa kidogo unaisikia, ikizidi inaua uwezo wa pua kuisikia. Ukiona harufu imekatika ghafla ukiwa bado juu ya tangi, usifurahi. Shuka, uende upande upepo unakotoka. Kuna kifaa kidogo cha kubana kifuani kinacholia gesi hiyo ikifika kiwango cha hatari. Mwajiri ndiye anayepaswa kukupa.

Ipo na hatari ya pili isiyo na harufu ya kukushtua. Ukifungua mfuniko wa juu wa tangi, mvuke wa mafuta uliojikusanya hutoka kwa mkupuo mmoja na kusukuma hewa usoni pako. Kati ya 2010 na 2014, wafanyakazi tisa wa Marekani walikufa wakipima au kuchukua sampuli kwenye matangi ya mafuta, na idara za usalama kazini zilitoa tahadhari kuhusu vifo hivyo mwaka 2016. Baadhi walikuwa peke yao, usiku. Kizunguzungu chako kilikuwa onyo hilohilo. Usipande juu ya tangi peke yako. Usiinamie mfuniko. Simama upepo ukikupiga mgongoni au ubavuni. Na kabla hujaunganisha hosi, funga waya wa kupeleka umeme ardhini, kwa sababu mvuke huo unawaka kwa cheche ndogo tu.

Bosi ana sababu moja ya kusema ni maji. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1980, na uamuzi wa shirika la mazingira EPA wa mwaka 1988, ziliziondoa taka za uzalishaji wa mafuta na gesi kwenye kundi la taka hatari. Kwa hiyo makaratasi yako yanaweza kuwa safi kabisa. Mapafu hayasomi makaratasi. Radiamu nayo hupenda kutulia kwenye tope la chini ya tangi na kwenye ukoko mgumu ndani ya mabomba kuliko kwenye maji yenyewe, kwa hiyo kazi ya kuingia tangini kukwangua tope usiikubali bila mafunzo na vifaa, hata ikiwa na malipo ya ziada. Viatu viache kazini. Nguo za kazi zifuliwe mbali na za watoto.

Una haki ya kufundishwa usalama kwa lugha unayoielewa. Hiyo ni kanuni ya OSHA, idara ya usalama kazini, na haisemi Kiingereza au Kihispania tu. Ukilalamika kwao, mwajiri haruhusiwi kukufukuza kwa sababu hiyo.

La mwisho. Akitokea mtu akakwambia umwage mtaroni kwa kuwa foleni ya kisimani ni ndefu, kataa. Mwaka 2013 huko Youngstown, Ohio, maji ya namna hii yalimwagwa kwenye mtaro wa mvua hadi yakafika kwenye kijito kinachoingia Mto Mahoning. Mwenye kampuni alifungwa, lakini mfanyakazi aliyeshika hosi naye alisimamishwa kizimbani.

SWALI: Assalaam alaykum bibie. Sisi ni watu wa Zanzibar tuliorudi Muscat miaka ya sabini. Mwanangu anafanya kazi kusini, eneo la Nimr, akanipeleka kuona bustani kubwa ya matete katikati ya jangwa, ndege wamejaa, maji yanapita. Akaniambia maji hayo yanatoka na mafuta. Kama Oman wameweza, kwa nini Marekani wanayazika ardhini?
Baba Salim, Muscat

JIBU: Waalaykumu ssalaam Baba Salim. Nimefurahi umeiona bustani ya Nimr kwa macho, maana mimi nimeisoma tu kwenye ripoti za wenzangu na nikabaki kutamani.

Nimr nayo ilikuwa ikiyazika. Visima vyake hutoa maji karibu mara kumi ya mafuta, na kwa miaka mingi maji hayo yalisukumwa chini sana kwa pampu zilizokula umeme mwingi. Kuanzia mwaka 2011 hivi, kampuni ya mafuta ya Oman, PDO, pamoja na kampuni ya Bauer ya Ujerumani, wakayageuzia kwenye mabwawa ya matete. Mafuta yanayoelea hukusanywa kwanza. Baadaye maji huteremka yenyewe kwa mwinuko wa ardhi kutoka bwawa hadi bwawa, na vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi ya matete hula mafuta yaliyosalia. Leo ni zaidi ya mita za ujazo 100,000 kwa siku. Mwishoni yanafika kwenye mabwawa ya kukaushia, yanabaki chumvi.

Jibu la swali lako liko kwenye chumvi hiyohiyo. Maji ya Nimr yana chumvi hafifu kuliko bahari, kwa mbali. Bahari ina kama miligramu 35,000 kwa lita. Maji ya visima vingi vya Texas magharibi na Oklahoma yanapita 100,000, mengine mara mbili ya hapo. Tete litakufa siku ya kwanza. Kuyasafisha inawezekana kwa mitambo, lakini kwa gharama kubwa, na ukishatoa maji safi unabaki na mlima wa chumvi yenye bariamu na radiamu ambayo nayo inatafuta pa kuwekwa.

Hata hivyo sitaki Marekani wapone kirahisi hivyo. Njia waliyo nayo ni kutumia tena maji hayo kupasulia visima vipya badala ya kuchukua maji matamu, na wengi Texas wameanza. Wameanza baada ya kubanwa. Mwishoni mwa 2021 mamlaka ya jimbo, ambayo kwa ajabu ya historia inaitwa Kamisheni ya Reli, ilisimamisha utupaji wa kina kirefu katika eneo la Gardendale kwa sababu ya matetemeko. Kwingineko wakahamia miamba ya juu zaidi, na huko presha ikatafuta njia kwenye visima vya mafuta vya zamani vilivyozibwa vibaya. Januari 2022, kaunti ya Crane, kisima kilichokuwa kimefungwa miaka mingi kilirusha maji ya chumvi angani kwa siku kadhaa. Presha ukiikataza chini, itapanda. Ukiikataza juu, itashuka. Dawa ni kupunguza maji yenyewe.

SWALI: Huku Mtwara tuna gesi ya Mnazi Bay. Je, na sisi tunamwagiwa maji ya chumvi chini?
Mwalimu wa sekondari, Mtwara

JIBU: Mwalimu, gesi ya Mnazi Bay, kama ya Songo Songo inayoendesha mitambo ya umeme tangu 2004, ni kavu. Maji yanayotoka nayo ni machache mno ukilinganisha na ya Oklahoma, na biashara ya malori na visima vya kutupia kama ya kule haipo. Visima vya gesi vikizeeka huanza kutoa maji zaidi, kwa hiyo wanafunzi wako wakitembelea mtambo wawaulize wahandisi maji ni mangapi kwa siku na yanaishia wapi. Ni swali zuri la darasa la jiografia.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Wanseko, wilaya ya Buliisa, Uganda. Watu wa mradi walisema kwenye mkutano kwamba maji yataingizwa ardhini na hayatamwagwa ziwani. Wengine tulishukuru, wengine tuliogopa. Kwetu ardhi hutikisika hata bila mafuta. Tuamini nini?
Mvuvi, Ziwa Albert

JIBU: Kaka yangu wa Wanseko, swali lako ni la jirani kuliko unavyofikiri. Mimi naandika nikiwa Tanga, na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani, ng'ambo ya ghuba yetu. Mafuta yenu ni mazito kama nta, yanapashwa moto njia nzima ili yasigande. Lakini kabla ya kuingia bombani yanatenganishwa na maji huko kwenu. Sisi tutapokea mafuta. Maji yote, kwa miaka yote ya mradi, yatabaki Buliisa. Kwa hiyo ninyi ndio mnaostahili majibu ya kina, na wa Tanga tunapaswa kuwasaidia kuyadai.

Kuingiza ardhini ni bora kuliko kumwaga ziwani, hilo sina shaka nalo. Na mpango wa Tilenga, yaani mradi wa mafuta wa huko kwenu, si kama wa Oklahoma. Una visima zaidi ya 400, na kwa mujibu wa tathmini ya mazingira karibu nusu yake ni vya kuingizia maji kwenye mwamba uleule unaotoa mafuta. Unatoa, unarudisha, presha inabaki karibu na ilivyokuwa. Oklahoma walikuwa wakitoa mwamba mmoja na kujaza mwingine usiotolewa kitu. Tofauti hiyo ni kubwa, na mtu akikutisha kwa picha za Oklahoma mwambie hivyo.

Ila mna mawili ambayo Oklahoma hawakuwa nayo. Kwanza, maji ya mafuta hayatoshi kujaza nafasi, kwa hiyo yanaongezwa ya Ziwa Albert. Ulizeni ni mangapi kwa siku, na nani anasoma mita. Pili, mnaishi ndani ya Bonde la Ufa. Machi 20, 1966 tetemeko la Toro liliua watu wengi upande wa Uganda na wa Kongo. Februari 1994 Fort Portal ikatikiswa na la ukubwa wa 6.2. Nyufa zenu ziko hai kwa asili, kwa hiyo vipima-tetemeko lazima viwe vimesimikwa na kurekodi muda mrefu kabla presha haijaanza kuingia. Bila kumbukumbu ya kabla, kila tetemeko litakalokuja litakuwa na mabishano: kampuni itasema ni la Mungu, wananchi watasema ni la kampuni, na hakuna atakayeweza kuthibitisha.

Mkutano ujao msiulize kama ni salama, maana mtajibiwa ndiyo. Ulizeni vitu vyenye namba. Presha ya juu kabisa inayoruhusiwa kwa kila kisima ni kiasi gani, na ikipitwa pampu inajizima yenyewe au inasubiri mtu? Vipimo vya uzima wa mabomba ni kila baada ya muda gani, na je, mkaguzi wa mamlaka ya mafuta, Petroleum Authority, au wa mamlaka ya mazingira, NEMA, huwa pale mwenyewe au hupokea karatasi tu? Visima vya zamani vya utafutaji vilivyozibwa viko wapi, na nani alivikagua mara ya mwisho? Presha ya mwezi kwa mwezi itabandikwa makao ya wilaya, au itabaki Kampala?

Na visima vyenu vya kunywa: chagueni vitano au sita kuanzia Wanseko hadi Buliisa mjini, vya pampu ya mkono vinavyotumiwa na wengi. Chupa mbili kwa kila kisima, zioshwe mara tatu kwa maji ya kisima hichohicho, zijazwe hadi juu bila kubakiza hewa, ziandikwe jina la kisima, tarehe na saa, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Chupa moja iende maabara, ya pili ibaki kwa mtu mnayemwamini ikiwa imefungwa kwa nta. Kloraidi na chumvi hukaa miezi mingi bila kubadilika, kwa hiyo chupa hiyo ya pili ina maana. Fanyeni mwanzo wa kiangazi na tena baada ya mvua, kwa sababu maji hubadilika kwa msimu hata bila mafuta.

Mkishapata majibu ya maabara nitumieni nakala kupitia anwani ya gazeti. Nitayasoma nanyi mstari kwa mstari.